Nyumbu Atangulie

Safari ile iliharibika kabla mtu hajatia mguu kwenye kikuku cha tandiko. Walioiharibu hawakujua, na aliyejua hakuulizwa.

Aliyejua alikuwa Chepkemoi, mkamuaji wa ng'ombe katika shamba moja la mzungu lililoegemea mgongo wa Menengai, upande wa Kiamunyi. Alikuwa na miaka hamsini au zaidi kidogo, hakuna aliyeiandika. Meno yake mawili ya chini yaling'olewa kwa desturi alipokuwa msichana, na tangu siku hiyo maneno yalikuwa yakipitia pengo lile bila kubisha hodi.

Mwenye shamba, watu walimwita Bwana Kijiko, kwa sababu akimgombeza mtu alikuwa akikoroga chai yake mwanzo hadi mwisho, kling kling kling, na chai ikipoa humwagwa ikaletwa nyingine. Asubuhi hiyo hakuwa na chai. Alikuwa na wageni wawili kutoka Gilgil, mke wake, na binti wa dada yake aitwaye Memsabu Dafne, aliyefika kutoka Ulaya mwezi uliopita akiwa na ngozi kama ya mtoto wa panya. Walikuwa wanakwenda kuteremka ndani ya shimo la Menengai kwa farasi, wale chakula cha mchana, watazame moshi unaotoka ardhini, warudi.

Memsabu Dafne alipewa farasi jike mwekundu mwenye alama nyeupe usoni. Kwa Kizungu alikuwa na jina refu. Zizini aliitwa Wasiwasi.

Wasiwasi akiwa peke yake alikuwa mpole, hata kuku walilala mgongoni mwake. Taabu ilikuwa msafara. Wenzake wakitangulia na mikia yao ikipotea kwenye kona, alitetemeka, akatoka jasho shingoni, akasimama kwa miguu miwili, na mbio zake hazikuchagua njia wala shimo. Alikwisha kuwaangusha watu watatu. Bwana Kijiko alisema wazi: mara ya nne, risasi.

Lakini Chepkemoi alikuwa ameona jambo. Katika zizi, chumba cha Wasiwasi kilipakana na cha nyumbu wa mizigo, mzee mmoja wa kijivu aliyeitwa Karani kwa sababu alitembea kama mtu mwenye barua muhimu na mshahara wa uhakika. Ubao uliowatenga ulikuwa umetafunwa tundu. Mchana Wasiwasi aliweka pua pale. Karani akiwa mbele yake njiani, hata mbwa wakibweka, Wasiwasi alikuwa akimfuata kama ndama.

"Bwana," Chepkemoi alisema, kikapu cha chakula kichwani, "nyumbu atangulie. Akae mbele ya Wasiwasi. Akiona matako ya Karani anatulia."

Bwana Kijiko alikuwa anapanga msafara wake kwa cheo. Yeye mbele, wageni, mke wake, binti, kisha saisi wa kutunza farasi, kisha nyumbu wa chakula na mwanamke wa kumshika.

"Nyumbu ya chakula kwenda mbele ya memsabu? Wewe nataka memsabu kula vumbi ya nyumbu?"

"Vumbi linaoshwa, Bwana."

"Kelele!"

Saisi alikuwa Kimaiyo, mdogo wake Chepkemoi, ambaye dada yake alimlea tangu mama yao alipofariki. Alimsogelea akamwambia chinichini, "Dada, nyamaza. Nitakaa karibu naye mwenyewe."

"Wewe hunuki kama Karani," alisema Chepkemoi. "Ingawa Jumamosi unajitahidi."

Kimaiyo akacheka, akapanda farasi wake mfupi. Hicho ndicho kicheko chake cha mwisho akiwa na miguu miwili mizima.

*

Waliteremka salama. Chini mle ni nchi nyingine: mawe meusi yaliyomwagika zamani kama uji uliochemka ukafurika, yakagandia hapo hapo, makali kama vigae. Kati yake kuna vichaka vya leleshwa, majani ya kijivu, na nyufa ambazo ukitupa jiwe husikii likifika. Hapa na pale moshi mweupe unapanda bila moto. Mto hakuna. Mvua ikinyesha, mawe yanaimeza kabla hujatoa sufuria.

Saa sita wingu likaja juu ya ukingo, jeusi, la haraka. Bwana Kijiko akapiga filimbi, akaelekeza farasi wake kwenye njia nyembamba ya kupandia, na waliomfuata wakamfuata mbio. Jiwe moja kubwa kama nyumba lilikuwa penye kona. Mkia wa Bwana ukapotea nyuma ya jiwe. Mkia wa mgeni wa kwanza, wa pili, wa memsabu mkubwa.

Wasiwasi akabaki anatazama jiwe.

"Zuia kidogo tu!" Chepkemoi alipaza sauti kutoka nyuma. "Usimkaze! Ngoja nimlete Karani!"

Memsabu Dafne hakuelewa; Kiswahili chake kilikuwa maneno machache ya jikoni. Aliogopa, akavuta hatamu kwa mikono yote miwili hadi kifuani. Radi ikapasuka juu yao. Wasiwasi akasimama kwa miguu miwili, akageuka hewani, akaondoka kinyume na wenzake, moja kwa moja kwenye mawe meusi. Kimaiyo akampiga farasi wake mfupi mijeledi miwili, akamfuata. Mvua ikaanguka kama mtu amemwaga debe, na ukungu ukafunga.

Chepkemoi hakuona tena kitu. Alisikia kwato, kisha kishindo, kisha sauti ya mdogo wake ikimwita mama yao.

Alimkuta kwa kupapasa. Farasi mfupi alikuwa amekanyaga ufa, shingo imevunjika, amekufa tayari, na mguu wa kushoto wa Kimaiyo uko chini yake. Alimtoa kwa kuchimba changarawe kwa mfuniko wa sufuria. Mfupa wa goko ulikuwa umetoboa ngozi, umechungulia nje, mweupe.

"Usitazame," alimwambia.

"Nimeshatazama."

"Basi tazama mara moja tu. Ni mguu, si harusi."

Karani akainua kichwa, akalia ile sauti yake mbaya ya nusu punda nusu mlango wa bati. Mara ya tatu, kitu kikajibu ndani ya ukungu. Wasiwasi akatokea anachechemea, povu hadi tumboni, na shingoni mwake Memsabu Dafne amening'inia kama nguo iliyosahauliwa kwenye kamba. Farasi akaja hadi kwa Karani, akaweka pua kwenye blanketi la mgongoni mwake, akatoa pumzi ndefu.

"Sasa unaona," Chepkemoi alimwambia mtu ambaye hakuwepo.

*

Walipiga kelele hadi sauti zikakauka. Ukuta wa Menengai uliwarudishia majina yao. Njia ya kupandia ilikuwa mahali fulani upande ule, au ule mwingine, ng'ambo ya nyufa walizozivuka ukunguni bila kujua, na ambazo sasa hakuna mtu mwenye akili angeziruka akiwa amebeba mgonjwa.

Chepkemoi alikata vijiti vya leleshwa, akanyoosha mguu huku Kimaiyo ameuma mshipi wake, akaufunga. Kamba hazikutosha. Alifungua mkanda wa tumboni mwa Karani, ule unaoshika mzigo na blanketi, akaumaliza kuzungusha mguuni. Kikapuni mlikuwa na mkate, kuku wa baridi, mayai, kiberiti na chupa moja ya chai. Maji waliyokuwa nayo wazungu yalikwenda na wazungu.

"Niwashe moto," alisema Chepkemoi. "Waone moshi."

Kimaiyo akamshika mkono. "Mwaka huu? Moshi shimoni? Dada, watasema ni watu wa msituni. Wataleta ndege, si machela."

Ulikuwa mwaka wa hamsini na nne, wakati wa Mau Mau. Chepkemoi akarudisha kiberiti kikapuni.

Memsabu Dafne alikuwa amekaa chini anatetemeka. "Maji," alisema. "Maji iko wapi?"

"Iko juu, imepanda na Bwana," Chepkemoi alijibu, akampa chai.

Asubuhi ya pili chupa ilikuwa tupu na midomo yao imepasuka. Kwa mbali, upande wa kusini kabisa, walisikia bunduki: mlio mmoja, kisha mwingine. Walikuwa wakitafutwa, ila palipo njia tu. Wasiwasi aliposikia farasi wakilia huko mbali aliinua kichwa, macho yakawa meupe, akaanza kuzunguka. Memsabu akakimbilia hatamu akaivuta.

"Achia!" Chepkemoi akampiga kofi dogo la mkononi, kama anavyopigwa mtoto kwenye sukari. Aliyempiga kofi memsabu mwaka ule angeweza kulala ndani miezi sita. Hakuna aliyekuwapo wa kumfunga. "Ukivuta, anajua na wewe umeogopa. Legeza. Mzungushe polepole, mzunguko mdogo, hivi. Kichwa chini. Pumua wewe kwanza, naye atapumua. Fuu."

"Fuu," alisema Memsabu Dafne.

"Ndefu zaidi. Wewe si nyoka."

Na Chepkemoi akaanza kuimba wimbo wake wa kukamulia, ule ambao hauna maana yoyote, unapanda kidogo unashuka kidogo, ng'ombe mkali akiusikia anaachia maziwa. Karani alisimama pembeni anatafuna leleshwa. Wasiwasi alizunguka mara tano, mara saba, kisha akashusha kichwa.

Maji waliyapata kwa mvuke. Chepkemoi alikuwa amezaliwa upande wa Eburru, ambako watu hunywa moshi wa ardhi na hawaoni ajabu. Alitafuta tundu linalopumua, akalitandikia turubai la mzigo kwa mwinamo, akaweka sufuria kwenye ncha. Mvuke ukapanda, ukagonga turubai, ukawa jasho, ukadondoka. Tone. Tone. Kikombe kimoja kilichukua saa nzima, nacho kilinuka yai. Kimaiyo alikunywa cha kwanza, memsabu cha pili, Wasiwasi na Karani wakalamba turubai hadi likakauka. Chepkemoi alikunywa cha mwisho, kilikuwa nusu.

"Tukae hapa?" Kimaiyo aliuliza.

Alitazama mguu wake. Ulikuwa umevimba hadi gotini na ngozi inang'aa.

"Tukikaa, maji tutayapata na wewe tutakupoteza. Kaskazini ukuta ni mfupi, ng'ombe wa Rongai wanapanda na kushuka. Upande jua linakochomoza uwe kulia kwako, twende."

"Ni mbali."

"Hata hapa ni mbali."

*

Walimpandisha Kimaiyo juu ya Karani. Chepkemoi alishika kamba mbele, Memsabu Dafne alitembea nyuma, kando ya shingo ya Wasiwasi, hatamu imelegea, anaimba ule wimbo usio na maana kwa lafudhi ambayo ingemtia ng'ombe aibu. Wasiwasi alifuata mkia wa Karani. Hivyo ndivyo ilivyotakiwa tangu mwanzo, na kama si mguu ule Chepkemoi angekuwa na haki ya kujisifu.

Jua likawa kali. Mawe yaliwaka chini ya nyayo. Kimaiyo alianza kusema maneno ya homa, mara anaita farasi waliokufa zamani, mara anaomba maziwa lala. Chepkemoi alitazama jua, akatazama ukuta wa kaskazini ambao haukusogea, na kwa mara ya kwanza mwendo wa Karani ukamchosha.

Hapo ndipo Karani aliposimama.

Mbele yao palikuwa tambarare, jiwe laini, hata zuri. Karani alinusa, akaweka masikio nyuma, akakataa. Chepkemoi alivuta kamba. Karani akakaza makalio.

"Tembea, mzee. Si leo."

Karani hakutembea.

Mtu aliyekaa na wanyama miaka arobaini anajua kwamba nyumbu hasimami bure. Chepkemoi alijua. Alikuwa amewaambia vijana wa zizini neno hilo hilo mara mia. Lakini nyuma yake mdogo wake alikuwa anaomba maziwa, na kiu ilikuwa imemfanya kuwa mtu mwingine, mtu kama Bwana Kijiko. Alikwenda nyuma, akachukua fimbo, akampiga Karani mara mbili matakoni, kwa nguvu.

Karani akapiga hatua. Jiwe likavunjika kama gamba la yai.

Miguu ya mbele ilizama. Akajitupa nyuma kwa nguvu zote za mwili wake mzee, na kwa kuwa hakuwa na mkanda tumboni, kila kitu kilichokuwa mgongoni, blanketi, turubai, sufuria, Kimaiyo, kikateleza juu ya matako yake kikaanguka salama nyuma. Kisha ukingo ukakatika, na Karani akaenda chini.

Walimsikia kwa muda. Chepkemoi alilala kifudifudi ukingoni, mkono wake umenyooshwa gizani, kama mtu anayetafuta sindano. Alimwita kwa jina. Alimwimbia, hakuwa na kitu kingine cha kumpa. Baadaye hakukuwa na wa kuimbiwa.

Wasiwasi alilia juu ya shimo, akangoja, akalia tena.

*

Siku hiyo haikuwa na zaidi. Wasiwasi hakukubali kuondoka pale. Walimvuta, akajiegemeza nyuma. Walimsukuma, akazunguka, akarudi ukingoni hadi mawe yakamong'onyoka. Kumbeba Kimaiyo hawakuweza: walijaribu hatua ishirini, akazimia, nao wakaanguka wote watatu. Tundu la mvuke lilikuwa nyuma, mwendo wa nusu siku. Jua likashuka nyuma ya ukuta, baridi ikaja, wakalala wamebanana kama mbuzi.

Asubuhi ya tatu mguu ulinuka. Kimaiyo alikuwa ametulia, akili zake zimerudi, jambo ambalo Chepkemoi hakulipenda.

"Dada, chukua memsabu mwende. Nyinyi mnaweza kupanda ule ukuta."

"Na wewe?"

"Mimi nitamngojea Karani."

"Nyamaza."

"Umenilea vizuri. Ulinipiga sana, lakini vizuri."

Sifa hizo zilimwogopesha Chepkemoi kuliko kiu. Alijifunika blanketi la Karani mabegani, lile la kijivu lililoganda jasho la miaka, akaondoka kwenda pembeni alie mahali ambapo hawatamwona. Alitembea hatua kumi. Akasikia kwato.

Aligeuka. Wasiwasi alikuwa ameacha shimo. Alisimama nyuma yake, shingo imenyooshwa, pua inacheza. Chepkemoi akarudi nyuma hatua moja. Farasi akaja hatua moja, akaweka pua kwenye blanketi, akatoa ile pumzi ndefu.

"Ee," alisema Chepkemoi. "Kumbe natosha kuwa nyumbu."

Alilifunga blanketi mgongoni kwa kamba ya turubai, likaning'inia hadi magotini. Wakampandisha Kimaiyo juu ya Wasiwasi, wakamfunga kwa hatamu waliyomvua farasi aliyekufa, kiuno kwenye tandiko, mkono shingoni. Memsabu Dafne alichukua nafasi yake.

"Iko legeza," alisema mwenyewe, akionyesha mkono wake.

"Iko legeza. Akitikisa masikio, unafanya nini?"

"Fuu."

"Akisimama?"

"Mimi simama. Wewe kuja nyuma, yeye kunusa."

"Haya. Sasa wewe ni saisi. Mshahara utamwomba mjomba wako."

Na Chepkemoi akatangulia. Alipiga kila jiwe kwa fimbo kabla ya kulikanyaga, ile fimbo aliyompigia Karani, na kila jiwe liliposita kujibu alizunguka, hata mzunguko ukiwa mrefu, hata Kimaiyo akiugua. Hakuharakisha tena. Alitembea mwendo wa Karani, mwendo wa mtu mwenye barua muhimu. Jasho la mnyama yule liliyeyuka kwa jua likamshukia mgongoni, na nzi wake wote wakamrithi. Wimbo uliishia kooni saa nne, ulimi umekuwa kipande cha ngozi. Aliendelea kuimba kwa pua.

Memsabu Dafne alianguka mara mbili, na mara zote mbili aliachia hatamu kwanza ndipo akaanguka. Chepkemoi aliliona hilo.

*

Saa nane walifika penye majani. Mbele yao ukuta wa kaskazini ulikuwa umelegea kuwa mteremko, na juu yake, dhidi ya mbingu, farasi sita wamesimama.

Memsabu Dafne alipiga yowe. Mmoja wa wale juu akainua kofia. Kisha wote sita wakateremka kwa kasi, mawe yakiruka, filimbi inalia, Bwana Kijiko mbele.

Chepkemoi alitazama nyuma. Masikio ya Wasiwasi yalikuwa yamesimama kama visu. Ngozi ya mabega ilianza kuruka. Kulia kwao ulikuwepo ufa, upana wa kitanda, na juu ya farasi yule amefungwa mtu asiyeweza hata kushika. Siku tatu wameomba waje, na sasa ndio hao wanakuja, na kuja kwao ndiko kutakakomuua Kimaiyo.

"Simameni!" Sauti haikutoka. Akainua fimbo, akatandaza mikono, blanketi likafunguka kama mabawa ya tai mchafu, akaenda mbele kuwakabili farasi sita waliokuwa wanakimbia. "Simama, Bwana! Simama hapo! Usisogee!"

Bwana Kijiko alisimamisha farasi wake hatua thelathini mbele, kwa mshangao zaidi kuliko utii. Aliona farasi wake mwendawazimu amesimama kwa miguu miwili na mtu amefungwa mgongoni. Akachomoa bunduki.

"Wewe toka njia! Mimi nitapiga hiyo farasi!"

"Ukimpiga anaanguka ufani na Kimaiyo. Piga mimi kwanza, niko karibu zaidi."

Nyuma yake alisikia sauti ndogo, nyembamba: fuu. Fuu. Memsabu Dafne hakuvuta. Alikuwa chini ya kwato, uso umebabuka, nywele zimegandamana, anamzungusha Wasiwasi mzunguko mdogo, mdogo zaidi, anaimba ule wimbo wa ng'ombe wa Chepkemoi. Na bila kugeuza kichwa alimwambia mjomba wake kitu kwa Kizungu. Chepkemoi hakukielewa, ila kilikuwa kifupi, na bunduki ilishuka.

"Shukeni chini wote," alisema Chepkemoi, kwa sauti ya zizini. "Farasi wageuzeni, wampe mgongo. Wale majani, watulie, wasilie. Mtu asikimbie, mtu asipige filimbi. Wewe, Kipkemei, lete maji kwa miguu. Polepole. Usitabasamu, njoo tu."

Kipkemei, saisi wa pili, alikuja na kibuyu. Kimaiyo alipewa tone tone. Chepkemoi alirudi hadi kwa Wasiwasi, akageuka, akampa mgongo. Pua ikaja kwenye blanketi. Pumzi ndefu ikatoka, na mabega yakalala.

"Tutapanda hivi," alisema. "Mimi mbele. Wasiwasi nyuma yangu. Farasi wengine mbali, nyuma, mahali asipowasikia wakihangaika. Hakuna wa kumpita."

"Na Bwana?" Kipkemei aliuliza kwa sauti ya chini.

Chepkemoi alimtazama Bwana Kijiko, na pengo la meno yake likaonekana kwa mara ya kwanza katika siku tatu.

"Bwana atakula vumbi. Linaoshwa."

*

Walifika shambani kesho yake mchana, na msafara haukubadilika mpaka getini. Kimaiyo alipelekwa Nakuru kwa lori. Mguu ulikatwa juu ya goti, akaishi, na hakukubali tena kuitwa saisi, kwa hiyo hakuna aliyemwita kitu chochote kwa muda mrefu. Memsabu Dafne alirudi kwao baada ya mvua. Wasiwasi hakupigwa risasi.

Lakini siku ile ya kufika, kabla ya lori, kabla ya maziwa, mke wa Bwana alimwambia Chepkemoi getini avue lile blanketi, linanuka. Chepkemoi alipita kama hakusikia. Wasiwasi alimfuata hadi zizini, akaingia chumbani mwake, akaenda moja kwa moja kwenye lile tundu la ubao, akaweka pua.

Upande wa pili hapakuwa na mtu.

Alingoja. Akapiga ubao kwa kwato mara moja. Masikio yakaanza kusimama, na ngozi ya mabega ikaanza kuruka.

Chepkemoi alisimama mlangoni akiwa na fimbo ile bado mkononi. Akaitazama, akaivunja kwa goti. Kisha akaingia chumba cha Karani, akakaa chini kwenye nyasi alizozilalia Karani kabla ya safari, akaegemeza mgongo wake na blanketi kwenye tundu la ubao, na alipohisi pumzi ya moto imepita shingoni mwake, ndipo na yeye akalia.